Tanuru la Idete

Sijui kukaa. Binti yangu anasema nikikaa kwenye kiti nakaa ukingoni kama abiria anayeogopa kuachwa na gari, mkoba mapajani, hata nikiwa sebuleni kwangu. Namuuliza sebuleni kwangu ni wapi. Hapo hubadili mazungumzo, kwa sababu amekulia kwenye nyumba za kanisa na anajua hazikuwa zetu.

Nimekuwa mke wa mchungaji kwa miaka arobaini na zaidi. Nimepika, nimefua, nimepiga pasi kola nyeupe kwa pasi ya mkaa, nimepokea wageni waliokuja na mizigo na waliokuja na njaa, nimeongoza sala za akina mama, nimekaa na wafiwa mpaka miguu ikafa ganzi. Tulianzia Kidatu, kwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliotoka kila mkoa, tukaja Mang'ula, tukaja Idete, tukaishia Ifakara. Kila tulipofika nilikuta mapazia ya mwanamke mwingine, na kila tulipoondoka niliacha yangu. Nilijifunza kupanda mchicha, matembele na nyanya, vitu vinavyoliwa upesi. Pale Kidatu nilikuwa bado sijui mambo, nikapanda mlimao. Tulihamishwa ukiwa unanifika kiunoni. Nimeambiwa siku hizi unazaa sana.

Ifakara majirani zetu wengi ni Wakatoliki, na padri hana mke, kwa hiyo mwanzoni walikuwa wananitazama kwa udadisi. Mmoja aliniuliza dukani, mbele ya watu, kwamba mama, hivi wewe kazi yako kule kanisani ni ipi hasa? Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji kichwani, mtoto wa muumini mmoja mgongoni na kuku wa sadaka mkononi. Nikamwambia kazi yangu ni kupumzika. Tulicheka, tukawa marafiki hadi leo.

Mume wangu alikuwa mtu wa kuridhika. Sitamsema vibaya kwa kuwa amelala, na pia kwa kuwa nilimsema vya kutosha akiwa macho. Barua ya uhamisho ikija aliisoma, akaikunja mara mbili, akaanza kuimba pambio. Mimi nilianza kutafuta kamba za kufungia vyombo. Nikimuuliza tutazeekea wapi, alinyoosha kidole juu, kwamba nyumba ya mtumishi iko huko. Siku moja nikamjibu kwamba hata mvua inatoka huko huko juu, na ikinyesha nani atatufunika? Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa natania.

Nilikuwa na sababu ya kutotania. Tulipofika Mang'ula, lori likasimama mbele ya nyumba ya mchungaji, tulimkuta mwanamke amekaa barazani juu ya sanduku la bati. Alikuwa mjane wa mchungaji aliyetutangulia. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na gari la kumhamishia kwao lilikuwa limechelewa siku mbili. Watoto wake watatu walikuwa wamekaa kwa mstari kandokando ya ukuta, wamevaa viatu, wamechanwa nywele, wanangoja. Nyani walikuwa wameteremka kutoka mlimani na wanavunja mahindi yake nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeinuka kuwafukuza. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanipa ufunguo.

"Mlango wa jikoni unakwama," aliniambia. "Uusukume kwa goti."

Aliniomba radhi kwamba hakuwahi kufagia uani asubuhi ile. Mume wangu alimwombea, tukamsindikiza jioni gari lilipofika, kila mtu akasema Mungu ni mwema. Mimi nilirudi ndani nikateleka uji kwenye mafiga yake yakiwa bado ya moto. Nilijiona mimi juu ya lile sanduku, waziwazi, na tangu siku hiyo sikuwahi kufungua mizigo yangu yote. Popote tulipoishi, kulikuwa na sanduku moja chini ya kitanda lililobaki limefungwa.

Idete ndipo nilipoamua. Mume wangu alikuwa na makanisa madogo mengi ya kutembelea bondeni, akiondoka na baiskeli Jumatano anarudi Jumamosi amejaa vumbi na furaha. Mimi nilibaki na watoto wanne, wa mwisho akiwa anaota meno. Mwisho wa kijiji, upande wa mashamba ya mpunga, aliishi mama mmoja mjane, Mndamba, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa na kiwanja kipana na udongo mzuri wa mfinyanzi, na hakuwa na mtoto aliyebaki naye. Alinisikiliza nikilalamika kwa muda mrefu, tunapeta mpunga, mwishowe akaweka ungo chini.

"Mama Mchungaji, maneno hayajengi," alisema. "Kipande kile cha kule chini nakupa. Udongo upo, maji yapo mtoni, mikono tunayo minne. Fyatua tofali."

"Na Mchungaji?"

"Mchungaji ana baiskeli. Wewe una nini?"

Sikumwambia mume wangu. Nalisema hili moja kwa moja kwa sababu nimelizunguka miaka mingi. Nilimwambia nakwenda kwenye sala za akina mama kwa yule mjane, na tulisali kweli, dakika tano kabla ya kuanza na dakika tano baada ya kumaliza. Katikati tulikanyaga udongo. Kila kiangazi, mpunga ukishavunwa, tulikanyaga, tukajaza kalibu ya mbao, tukafyatua, tukaanika. Mwenzangu naye alikuwa anafyatua ya kwake ya kujengea jiko, na ili yasichanganyike, kila tofali langu nililikwangua ubavuni kwa vidole vitatu lingali bichi. Viangazi viwili tulifanya hivyo. Cha tatu tuliyapanga tanuru, tukalichoma kwa magogo na pumba za mpunga tulizobeba kwa magunia kutoka mashineni. Moshi ulifuka siku kadhaa. Lilipopoa, tukayatoa mekundu, yanalia kama kengele ukiyagonganisha. Tukayapanga, tukayafunika kwa nyasi. Kila nilipopita pale moyo ulinienda mbio kama msichana aliyeposwa. Nilishajua mlango utatazama wapi.

Sasa nisikilizeni kosa lenyewe. Kijiji hakina siri, na kila mtu alikuwa ameniona nikiwa na udongo mpaka magotini. Lakini mke wa mchungaji hana kitu chake. Kuku wake ni wa kanisa, shamba lake ni la kanisa, akishona vitambaa watu wanauliza ni vya madhabahu? Kwa hiyo watu waliponiona nafyatua matofali viangazi vyote vile, hakuna hata mmoja aliyejiuliza nafyatulia nini. Waliona jibu liko wazi. Wakaniheshimu kwa kunyamaza, wakidhani nataka kumtolea Mungu bila kupiga tarumbeta.

Masika yaliyofuata upepo ulikuja na mvua, ukaliangusha kanisa letu la miti na udongo. Jumapili tuliabudu nje. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mwema sana, alisimama wakati wa matangazo na kusema kwamba Mungu anajua kuandaa mambo mapema, kwani kabla ya kanisa kuanguka alikuwa ameshamwamsha mtumishi wake mmoja afyatue matofali kwa siri, kwa jasho lake mwenyewe. Akaniomba nisimame. Akina mama wakapiga vigelegele. Wengine walikuwa wanalia.

Nilisimama. Niliona watu wanaonitazama kwa upendo mtupu. Nikamtazama mume wangu mbele, ameshika Biblia yake, ananitazama mdomo umefunguka kidogo. Nilipaswa kusema hapana, wazee wangu, mmekosea. Maneno hayo tu yangetosha. Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe." Wakaitikia "Ameni," na matofali yangu yakaondoka kwa lile ameni.

Tulipofika nyumbani nilingoja aniulize. Alikaa mezani, akanywa maji, akaniuliza kama kuna chumvi. Nilimpa chumvi. Hakusema lolote kuhusu matofali siku ile, wala kesho yake, wala miaka yote iliyofuata, zaidi ya kunishukuru mara moja hadharani kanisa lilipofunguliwa. Nikahitimisha kwamba ameamini kama wengine, na kwamba amefurahi kuoa mtakatifu. Nilimchukia kwa muda wa wiki mbili hivi. Baadaye nilimpenda tena, lakini kwenye jambo hilo moja palibaki kidonda.

Na kilichonitonesha ni jinsi walivyojenga. Mifuko ya saruji ililetwa, nikaiona kwa macho yangu, lakini iliishia kwenye sakafu na lenta, ule mkanda wa juu ya madirisha. Kuta zenyewe walizijenga kwa udongo. Matofali yaliyochomwa vizuri namna ile, wayapachike kwa tope! Baada ya miaka miwili ukuta wa kaskazini ulipata ufa. Nilimsema mume wangu. Nilimsema Idete, nilimsema tulipohamia Ifakara, nilimsema akiwa amestaafu na amekaa barazani na redio yake. Kwamba alibana saruji kwenye nyumba ya Mungu. Kwamba kama unachukua kitu cha mtu, angalau ukitumie vizuri. Yeye alikuwa anatabasamu. "Litasimama muda unaotakiwa," alikuwa akisema, kisha anaongeza sauti ya redio.

Yule mama wa Idete aliondoka duniani mwaka mmoja baada ya sisi kuhama. Kabla hatujahama alikuwa ameshanigawia kiwanja mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kiliendelea kuwa changu, kimeota magugu. Nilikuwa na ardhi isiyo na ukuta. Watoto wanne walihitaji kusoma, wagonjwa walihitaji kutibiwa, na mimi sikuwa tena na magoti ya kukanyaga udongo. Kila mara nilisema mwaka kesho.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Alikuwa anaumwa moyo, na aliondoka asubuhi nikiwa namkorogea chai. Tulizika, tukaomboleza, watu wakatawanyika, na mimi nikabaki kwenye nyumba ya kanisa pale Ifakara, ambayo walituruhusu kuendelea kukaa alipostaafu kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuihamia. Sasa ilikuwa inahitajika. Mchungaji kijana alikuwa ameteuliwa, na mkewe mjamzito. Hakuna aliyenifukuza. Wote walikuja na sukari na mchele na kuniambia, "Mama, usiwe na haraka kabisa." Waliposema hivyo macho yao yalikuwa yanapima madirisha.

Mke wa mchungaji mpya alikuja kunisalimia. Msichana mzuri, mwenye adabu, alipiga magoti kabisa aliponiamkia. Nilimwonyesha jiko, bomba linalovuja, kona ambayo siafu huingilia. Nikajikuta namwomba radhi kwamba sikuwahi kufagia uani.

Binti yangu anaishi Morogoro na anasema chumba kipo. Najua kipo. Kina kitanda, kina feni, sakafu ya vigae inayong'aa ambayo nikivaa soksi nateleza. Mume wake ni mtu mzuri. Lakini nikifika kule siruhusiwi kushika ufagio. "Mama, pumzika." Nikiinuka, "Mama, kaa." Nikipika, "Mama, acha dada atapika." Nimekuwa mgeni kwenye nyumba za kanisa maisha yangu yote, na sasa nikazeekee ugenini kwa mwanangu? Nilikuwa nikimwomba Mungu, nikimgombeza, nikimwomba msamaha kwa kumgombeza, halafu naanza upya. Nilizunguka nyumba nzima nikipanga vitu na kuvipangua. Sikuwa na amani hata ya kumaliza kikombe cha chai.

Ndipo mwinjilisti wa Idete akanipigia simu. Wanamaliza kujenga kanisa jipya, kubwa, la matofali ya saruji. Wanabomoa lile la zamani. Kutakuwa na ibada fupi ya kuliaga jengo, Jumamosi asubuhi, na wao kama usharika wameona haiwezekani ibada hiyo ifanyike bila mgeni rasmi.

"Nani?" nikauliza.

"Wewe mama. Si ndiye uliyetoa tofali?"

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, matofali ya zamani yanakwenda wapi.

"Tutayaponda mama. Kifusi cha chini ya sakafu ya kanisa jipya. Hayatapotea, yatakaa chini ya miguu ya waumini."

Alidhani ananifurahisha. Nilikata simu nikakaa kitandani, nikainuka, nikakaa tena. Kwa siku tatu sikufanya la maana. Kukaa kimya kulimaanisha nivae kitenge changu kizuri, niende nikapigiwe vigelegele mara ya pili, matofali yangu yapondwe, nipande basi la Morogoro. Kusema kulimaanisha nisimame mbele ya watoto wa wale walionililia kwa furaha na kuwaambia kwamba mama yao mtakatifu alikuwa mwongo. Na marehemu je? Alinishukuru hadharani kwa utoaji wangu. Jina lake lingechafuka kaburini, naye hayupo kujitetea.

Jumamosi nilikwenda. Nilivaa kitenge. Njia nzima mpunga ulikuwa umeiva, watu wako kwenye madungu yao wakipiga makelele kufukuza ndege, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja na kuisahau.

Kanisa lilikuwa limeshaezuliwa bati. Tuliketi ndani, juani, kwenye mabenchi yale yale. Lipu ilikuwa imebanduliwa sehemu kubwa, na kwenye tofali baada ya tofali niliona mikwaruzo yangu ya vidole vitatu. Mwinjilisti akawaonyesha watu, akaeleza kwamba mama alikuwa akiweka alama ya Utatu Mtakatifu kwenye kila tofali. Watu wakaguna kwa mshangao. Nilitamani ukuta uniangukie. Kwaya ikaimba. Kisha nikapewa nafasi.

"Bwana Yesu asifiwe," nilisema.

"Ameni."

Mara ile ya kwanza niliishia hapo. Ulikuwa mlango ule ule unaokwama. Safari hii niliusukuma kwa goti.

"Ile si alama ya Utatu," nilisema. "Niliiweka ili matofali yangu yasichanganyike na ya mwenzangu. Sikuyafyatua kwa ajili ya kanisa. Niliyafyatua nijenge nyumba yangu, kwa siri, na mume wangu sikumwambia. Wazee waliponisimamisha siku ile niliogopa, nikawaacha waamini. Nimekaa na uongo huo mpaka nimekuwa bibi. Sasa Mchungaji hayupo, nyumba ya Ifakara ina wenyewe, na kiwanja changu kipo pale chini. Naomba msiyaponde. Naomba matofali yangu."

Mwinjilisti alikuwa anatazama karatasi yake ya ratiba kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mama mmoja nyuma alisema "Yesu wangu," polepole. Nikajua nimemaliza. Nikaanza kutafuta mkoba wangu niondoke.

Ndipo fundi akainuka. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini nilimjua. Ndiye aliyejenga zile kuta.

"Mama Mchungaji, shikamoo," alisema, ingawa tunalingana.

"Marahaba."

"Mimi nilikuwa nakusubiri."

"Unisubiri nini?"

"Useme. Usingesema leo, ningesema mimi." Akageukia watu. "Mwacheni mama. Tofali ni zake, na Mchungaji alijua. Jumatatu ile, baada ya ibada ya pale nje, alinikuta nyumbani natengeneza mpini wa mwiko. Akaniambia, fundi, zile tofali ni za mke wangu, ana nyumba yake moyoni. Nimeuona uso wake jana. Siwezi kuwanyang'anya watu furaha yao, na mke wangu siwezi kumwaibisha. Wewe kuta zijenge kwa udongo. Saruji inashika haiachii, tofali itavunjika. Udongo unaachia. Siku jengo likichoka, zitoke nzima, umpe mwenyewe."

Akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Nikamwambia, Mchungaji, ukuta utapata ufa. Akasema, utapata ufa, mke wangu atanisema, nitavumilia." Mzee alicheka kidogo. "Akasema, nyie mkisikia nasemwa juu ya saruji, nyamazeni."

"Kwa nini hakuniambia mimi?" Sauti yangu ilipanda, sikujali. "Miaka yote hiyo, kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema wewe nawe hukumwambia. Akasema atangoja uanze wewe, na kama hutaanza, basi ukuta utasema."

Nikakaa. Nilikaa mzimamzima, mgongo ukagota kwenye benchi, mkoba ukaanguka chini, sikuuokota. Nililia, na sitaki mtu adhani kilikuwa kilio cha shukrani tu. Nilikuwa na hasira naye kuliko siku zote za ndoa yetu. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, mimi nangoja aniombe radhi, yeye anangoja nimwambie, na kila nilipomsema kuhusu ule ufa alikuwa ananifungulia mlango na mimi napita nikilalamika. Laiti angesema siku moja tu. Laiti ningesema mimi. Ningemfufua pale pale, nimgombeze, halafu nimkorogee chai.

Wazee walijadiliana kwa muda mfupi. Walisema matofali yenye alama ya vidole vitatu yasipondwe, yapelekwe kiwanjani kwangu, na kifusi watatafuta kwingine. Mzee mmoja alitaka kuniomba msamaha kwa niaba ya marehemu babake, yule aliyenisimamisha. Nilimwambia babake alikuwa mtu mwema na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Binti yangu nilimpigia simu nikamwambia chumba chake akipangie matumizi mengine. Alilia, akauliza nitaishije peke yangu, kisha akauliza nyumba itakuwa na vyumba vingapi ili watoto wakija likizo wapate pa kulala.

Jumatatu walianza na ukuta wa kaskazini, wenye ufa. Nilikwenda mapema, nikakaa kwenye kigoda na nyundo ndogo. Wanaume walinifikishia matofali moja moja, mimi nikayagonga ubavuni. Pigo moja tu, udongo unadondoka wote, tofali linabaki mkononi jekundu kama siku nilipolitoa tanuruni. Niliweka vidole vyangu kwenye mikwaruzo. Vimekunjamana siku hizi, havikai sawasawa, lakini viliingia. Mchana lilikuwa limepatikana rundo linalonifika kifuani, na yaliyovunjika yalikuwa ya kuhesabika.

Fundi alikaa kivulini akinitazama. Mwiko hashiki tena, lakini wanawe wawili ni mafundi na alikuwa ameshawaambia kazi ya kwanza mpunga ukiisha ni yangu.

"Mama," aliniita. "Vijana wanauliza. Nyumba yako wajenge kwa udongo au kwa saruji?"

Nililipanga tofali nililokuwa nalo juu ya mengine, nikapangusa mikono.

"Saruji," nikasema. "Mimi sihami tena."